Kilomita Ngapi kwa Lita, na kwa Mwendo Upi?

Leo nataka tuzungumze habari ya mafuta ya gari. Bei yake sitaigusa. Kenya inatangazwa na mamlaka ya EPRA kila tarehe 14 ya mwezi, Tanzania inatangazwa na mamlaka ya EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kila mmoja wetu anajua inavyomuuma. Ninalotaka kuligusa ni namna mafuta hayo yanavyoliwa kwenye barabara kuu na magari ya haibridi, haya yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja. Sasa yamejaa mijini mwetu: Toyota Aqua, Prius, Honda Fit, Nissan Note na wenzao, mengi yakiwa yametumika Japani kabla ya kushushwa bandarini Mombasa au Dar es Salaam.

Mnunuzi akisimama yadi mbele ya gari la namna hiyo, swali lake la kwanza ni moja: hili linakula vipi? Muuzaji ana jibu tayari. Kilomita 35 kwa lita. Mwingine atasema 37. Mnunuzi anapiga hesabu papo hapo, anaona pesa atakazookoa kwa mwaka mzima, anatia sahihi. Likizo ikifika anapakia familia na mizigo, anatoka Mombasa alfajiri, na mchana yuko Nairobi. Anajaza tenki, anagawanya kilomita alizokwenda kwa lita alizojaza, anapata 19. Moyo unamshtuka. Anaamini ameuziwa gari bovu. Kesho yake yuko gereji. Plagi zinabadilishwa, nozeli zinasafishwa, analipa, na gari linaendelea kula vile vile, kwa sababu halikuwa na ugonjwa wowote.

Mimi nasema gari la mtu huyo, mara nyingi, ni zima kabisa. Alichopewa kibovu ni ile namba. Kilomita kwa lita zikitajwa bila kutajwa mwendo, tena mwendo wa kweli wa gari na si ule unaoonyeshwa na mshale, ni namba isiyoweza kumsaidia mtu kununua wala kupanga safari. Nataka tulione hilo pole pole, kwa sababu pesa zinazopotea hapa ni za watu wanaozitafuta kwa jasho.

Hiyo 35 haikutungwa na muuzaji. Toyota Aqua ilipoingia sokoni Japani mwezi wa Desemba 2011, namba yake rasmi ilikuwa kilomita 35.4 kwa lita. Ilipatikana kwa jaribio la Kijapani liitwalo JC08. Gari linawekwa ndani ya maabara, magurudumu yake yakizunguka juu ya roli za chuma, na dereva anafuata mchoro wa mwendo uliopangwa: washa, ongeza, punguza, simama, ondoka tena. Jaribio zima huchukua kama dakika 20 na umbali wa zaidi kidogo ya kilomita 8. Mwendo wa wastani, pamoja na kusimama kote, ni kama kilomita 24 kwa saa. Mwendo wa juu kabisa haufiki hata 82.

Hebu tulitafakari hilo. Ndani ya jaribio lililozaa namba ile, hakuna sekunde hata moja ambapo gari lilikwenda 90, seuze 100. Ule ni mwendo wa mtu anayetoka Tudor kwenda Likoni asubuhi, au anayetoka Ubungo kwenda Posta. Mtu akiingia barabara ya Mombasa akakanyaga mpaka 110, ametoka nje kabisa ya jaribio, na namba ile haimhusu tena. Kabla ya JC08 kulikuwa na jaribio la zamani zaidi, 10-15, ambalo mwisho wake ulikuwa 70 kwa saa. Kwa jaribio hilo, Aqua ile ile ilihesabiwa kilomita 40 kwa lita. Gari moja, mwaka mmoja, namba mbili zilizopishana kilomita karibu 5, na zote mbili ni rasmi.

Sasa tulifuate gari hilo hilo Marekani. Huko liliuzwa kwa jina la Prius c, injini ile ile ya lita 1.5, na serikali ya huko ikalipima kwa majaribio yake yenye mwendo mkali zaidi, kiyoyozi kikiwashwa na baridi ikihesabiwa. Wao hupima kwa maili kwa galoni. Nikizigeuza, zinakuwa kilomita 22.5 kwa lita mjini, 19.6 barabara kuu, na 21.3 kwa jumla. Kutoka 35 hadi 21! Tofauti ndogo za vifaa na uzito zipo kati ya la Kijapani na la Kimarekani, lakini haziwezi kumeza kilomita 14. Kilichobadilika ni namna ya kulipima. Basi yule msafiri wetu aliyepata 19 amepata karibu kile kile ambacho Wamarekani wangemwambia tangu mwanzo kwamba atakipata.

Wamarekani nao hawakufika hapo kwa siku moja. Prius ya mwaka 2004 walikuwa wameipa maili 60 kwa galoni mjini na 51 barabara kuu. Wenye magari wakalalamika kwamba hawazipati. Kuanzia magari ya mwaka 2008 majaribio yakabadilishwa, na Prius ile ile ikashushwa hadi 48 mjini na 45 barabara kuu. Kwenye gari lenyewe haikuguswa hata skrubu moja.

Na hapa nitoe tahadhari ndogo kwa wanaotazama video za Waingereza. Galoni yao ni kubwa kuliko ya Marekani. Maili 60 kwa galoni ya Uingereza ni sawa na 50 kwa galoni ya Marekani. Zote mbili ni kilomita kama 21 kwa lita. Watu wanabishana bure.

Lakini kuna jambo katika namba hizo za Wamarekani ambalo ndilo kiini cha haya yote. Mjini 22.5, barabara kuu 19.6. Sisi tuliokulia kwenye magari ya petroli matupu tumezoea kinyume chake: mjini gari linakula, safarini linapumua. Haibridi imelipindua jambo hilo, na sababu yake inafaa ieleweke vizuri.

Haibridi huokoa mafuta kwa njia ambazo nyingi zinatokea penye msongamano. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kuzirudisha nguvu za mwendo ndani ya betri, badala ya kuziacha ziishie kuwa joto kwenye breki. Ukisimama, injini inazima. Ukisogea pole pole, umeme unakusogeza peke yake. Kwenye barabara kuu, saa nzima inaweza kupita hujakanyaga breki ya maana; hakuna cha kurudisha. Hakuna kusimama, injini haina nafasi ya kuzima. Betri na mota zinabaki kuwa mzigo unaobebwa. Zinazobaki kukusaidia ni zile sifa nyingine za gari hilo, yaani injini iliyotengenezwa kubana mafuta kwa kuyatumia yanapowaka mpaka mwisho, na bodi iliyochongwa ipite hewani kwa urahisi.

Na hewa ndiyo adui mkuu. Ukitembea baharini maji yakiwa kiunoni, utakwenda bila taabu. Ukijaribu kukimbia, maji yale yale yanakuwa ukuta. Hewa nayo ni hivyo. Ukinzani wake hauongezeki sawa na mwendo. Unaongezeka kwa kipeo cha pili. Kutoka 80 kwenda 100 umeongeza robo ya mwendo, lakini hewa inakupinga zaidi kwa asilimia 56. Kutoka 80 kwenda 110, ukinzani unakaribia kuwa maradufu. Kwa gari dogo linalokwenda 100, kazi kubwa ya injini si kubeba abiria wala kuzungusha tairi. Ni kusukuma hewa. Kazi hiyo betri haina la kuifanya.

Kuna kisa cha Ford kinachoonyesha jambo hili wazi. Mwaka 2013 kampuni hiyo ilikuwa ikiuza haibridi iitwayo C-Max ikiwa na kibandiko cha maili 47 kwa galoni, sawa na kilomita 20 kwa lita. Wanunuzi wakapata pungufu sana. Ikagundulika kwamba C-Max haikupimwa yenyewe. Kanuni za Marekani ziliruhusu magari yenye injini moja, giaboksi moja na uzito unaolingana kutumia matokeo ya jaribio moja, na C-Max ilikuwa imeazima namba ya Fusion, ambayo ni saluni ya chini. C-Max imesimama juu, inasukuma hewa zaidi. Agosti 2013 Ford ikashusha namba hadi 43, ikawalipa wanunuzi dola 550 kila mmoja. Juni 2014 ikaishusha tena hadi 40, baada ya kukuta kosa katika hesabu zake za ukinzani wa gari barabarani. Barabara kuu peke yake ikabaki na maili 37, chini ya kilomita 16 kwa lita. Injini ni ile ile ya Fusion. Umbo la bodi ndilo lililokula.

Sasa tuingie kwenye spidomita, maana hapa ndipo watu wengi hukoroga mambo.

Iko kanuni ya Umoja wa Mataifa, Kanuni namba 39, inayofuatwa na nchi nyingi zinazotengeneza magari. Inasema hivi: mshale usionyeshe kamwe mwendo ulio chini ya mwendo wa kweli, lakini unaruhusiwa kuzidisha, mpaka sehemu ya kumi ya mwendo wa kweli na kilomita 4 juu yake. Maana yake, gari likiwa linakwenda 100 ya kweli, mshale unaweza kusoma mpaka 114 na kanuni ikawa haijavunjwa. Mtengenezaji naye hataki kukaa ukingoni. Anajua tairi jipya lina kina cha milimita 8 hivi, na litakapoisha hadi milimita 1.6 mzunguko wake utakuwa umepungua kwa asilimia 2. Anajua watu watabadilisha tairi, wataweka upepo mwingi au kidogo. Kwa hiyo anaupa mshale akiba ya kutosha tangu kiwandani. Ndiyo sababu ni kawaida kabisa kuona mshale umekaa 100 huku gari likienda 95 au 94.

Odomita, zile namba za kilomita ambazo hazirudi nyuma, ni habari nyingine. Spidomita na odomita zote mbili zinahesabu mzunguko wa magurudumu, ila ile akiba huwekwa kwenye mshale peke yake. Hesabu ya umbali hukusudiwa iwe karibu na ukweli. Nimewasikia watu wazima wakisema, kwa kuwa spidomita inadanganya kwa asilimia 5, basi na kilomita zangu nizipunguze kwa asilimia 5. Usifanye hivyo kabla hujapima. Si kwamba odomita haikosei kamwe. Honda nchini Marekani ilishtakiwa kwamba odomita za magari yake zinahesabu zaidi, na mwaka 2007 ikafikia suluhu kwa magari yaliyonunuliwa kati ya Aprili 2002 na Novemba 2006, ikiongeza kilomita za dhamana kwa asilimia 5. Lakini kosa la mshale na kosa la kilomita ni makosa mawili, na kila moja lina kipimo chake.

Barazani utasikia ubishi wa namna hii. Mmoja anasema, mimi Aqua yangu kwa 100 inanipa 21. Mwenzake anaapa, mimi kwa 100 hiyo hiyo sipati zaidi ya 18. Wanatazamana kwa dharau. Inawezekana kabisa wote wawili ni wakweli. Wa kwanza mshale wake unazidisha, 100 yake ni 94 ya kweli, na hewa inampinga asilimia 12 chini ya inavyompinga anayekwenda 100 halisi. Wa pili amebadilisha tairi.

Hili la tairi nitalikalia kidogo, kwa sababu ni letu hasa. Barabara zetu zina matuta na mashimo, na magari haya yamekaa chini. Wengi wanatoa tairi za 175/65R15 zilizokuja na Aqua, wanaweka 185/65R15 ili gari lipande kidogo. Tairi hilo jipya ni kubwa kwa asilimia 2. Kila odomita ikihesabu kilomita 100, gari limekwenda 102. Ukigawanya kwa lita, utaona kama gari limeanza kula zaidi, ingawa sehemu ya hasara hiyo ni kilomita ambazo hazikuhesabiwa. Sehemu nyingine ni ya kweli, maana tairi pana ni zito na linasukuma hewa zaidi. Na mshale, uliokuwa ukikuzidishia, sasa umesogea karibu na ukweli. Dereva aliyezoea kwamba mshale ukisema 54 yeye yuko 51, ajue tochi ya trafiki haisomi mshale wake.

Na ule wastani wa kilomita kwa lita unaowaka kwenye dashibodi? Hakuna kipimo cha lita pale. Kompyuta inakadiria kwa kuhesabu muda ambao nozeli zimefunguka. Ni kadirio zuri la kulinganisha leo na jana, lakini mara nyingi huwa na matumaini kuliko pampu. Pampu ndiyo unayoilipa, basi iamini pampu.

Tumrudie msafiri wetu wa Mombasa, kwa maana ana jambo jingine ambalo hakuna jaribio la Japani wala Marekani lililolihesabu. Amepanda mlima. Haonekani kama amepanda. Kutoka Mariakani hadi Voi, Voi hadi Mtito Andei, Makindu, Emali, barabara inanyanyuka pole pole hata huhisi. Lakini ametoka usawa wa bahari akafika Nairobi, karibu mita 1,700 juu. Gari lenye watu wanne na mizigo, kilo 1,400 hivi, kulinyanyua kimo hicho kunahitaji nguvu zaidi ya uniti 6 za umeme, uniti zile zile tunazonunua kwa tokeni. Kwa injini nzuri ya haibridi, hizo ni kama lita 2 za petroli zilizokwenda kwenye kimo peke yake. Tuseme kwenye tambarare, kwa mwendo wake, gari lingefanya 21. Kwa kilomita 480 za safari ile, akipanda atapata 19 na ushei, akishuka atapata karibu 23. Dereva ni yule yule, gari ni lile lile. Anayepima kwenda tu analaani, anayepima kurudi tu anajisifu, na wote wawili hawajapima.

Mtu ataniuliza: si betri itazirudisha nguvu hizo wakati wa kushuka? Betri ya Aqua ina uwezo wa chini ya uniti moja, na kompyuta haikuruhusu kuitumia yote. Haiwezi kubeba hata sehemu ya sita ya kimo kile. Kinachokusaidia kurudi Mombasa ni ule mteremko mpole unaoifanya injini ifanye kazi ndogo njia nzima. Kwenye miteremko mikali, kama ule wa kutoka Limuru kushukia Mai Mahiu, au Kitonga kwenye njia ya Iringa, betri inajaa baada ya dakika chache, kisha kompyuta inaanza kuizungusha injini bila mafuta ili ilizuie gari. Utasikia ngurumo na kudhani kuna kitu kimevunjika. Hakuna. Hapo ndipo ile herufi B kwenye gia ina kazi yake, nayo ni kulishika gari kwa injini ili breki zako zisiungue. Watu wanaoendesha na B mjini siku nzima wakidhani wanachaji betri wanaunguza mafuta bure.

Kuna na zawadi kidogo ya Mungu: hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 15. Ukishapita Emali, ule ukuta wa hewa unalegea.

Si haibridi zote zinazofanana, na hili wauzaji wetu hawalisemi. Aqua na Prius, injini yake inaweza kuyasukuma magurudumu moja kwa moja. Nissan Note e-Power, iliyotoka Novemba 2016, haifanyi hivyo. Injini yake inazungusha jenereta tu. Jenereta inatoa umeme, umeme unaendesha mota, mota ndiyo inayozungusha magurudumu. Mjini ni gari tamu sana, laini, halina mshindo, na Japani iliandikiwa 37.2 kwa toleo jepesi kabisa na 34.0 kwa la kawaida. Barabara kuu, kila nguvu inapogeuzwa kutoka petroli kuwa umeme na kutoka umeme kuwa mwendo, kiasi kinapotea, na kinapotea kilomita baada ya kilomita. Mtu anayefanya kazi ya teksi Dar es Salaam, e-Power inamfaa. Anayesafiri Arusha na Mwanza kila wiki, aiache.

Basi tupimeje? Mwendo wa kweli unaupata kwa simu yenye GPS, ukishika mwendo mmoja bila kubadilisha kwenye sehemu iliyonyooka. Ukiwa unaongeza au kupunguza, simu huchelewa. Isomwe na abiria, dereva atazame barabara. Penye nguzo za kilomita hata simu haihitajiki: abiria ashike saa, na ikiwa kutoka nguzo moja hadi ya pili ni sekunde 36, mnakwenda 100 ya kweli. Sekunde 40 ni 90. Sekunde 45 ni 80. Kwa odomita, chukua nguzo 20 au zaidi zinazofuatana, ulinganishe na namba zako.

Kwa mafuta, jaza kituo kimoja, pampu moja ikiwezekana, gari likiwa limesimama pale pale kwenye sakafu tambarare. Bomba likikata mara ya kwanza, mwambie mhudumu aache hapo hapo. Wahudumu wetu wana mazoea ya kuendelea kubonyeza mpaka wafikie namba ya mviringo, shilingi 5,000 kamili au 50,000 kamili, na hapo ndipo hesabu inapoharibika, kwa sababu lita moja au mbili zinaingia leo ambazo kesho hazitaingia. Fanya hivyo kwa tenki tatu mfululizo kabla hujatoa neno. Upepo wa tairi upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwa namba iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Na kabla hujamlipa fundi, inama ubavuni mwa kiti cha nyuma cha Aqua yako. Utaona kifuniko chenye matundu madogo; hapo ndipo betri inapovutia hewa ya kujipoza. Kichokonoe kitoke, ukitazame kwa ndani. Kwa gari lililopita vumbi la Tsavo au la Singida bila kusafishwa, utakuta utando mnene, mwekundu, umeshikana na nywele na nyuzi za mazulia. Betri ikikosa hewa inapata joto, kompyuta inaipunguzia kazi, na injini inabeba yote. Brashi laini na dakika kumi zinatosha. Na mabegi yasirundikwe mbele ya tundu hilo.

Mwendo wenyewe je? Ukinitaka nitoe hukumu, haibridi hizi ndogo barabara kuu ni 90 ya kweli. Kutoka 100 kushuka 90, hewa inapunguza upinzani kwa asilimia 19. Kwa kilomita 480, ukichukulia barabara iko wazi, unachelewa dakika 32. Nani kati yetu hajasimama Mtito Andei kwa muda mrefu kuliko huo akinywa chai?

Kwa wauzaji wa magari nina ombi. Mkiandika 35 kwenye kioo, andikeni na jaribio lililoizaa, JC08 au 10-15, na mwambieni mnunuzi kwamba mwisho wa majaribio hayo ni 82 na 70. Tangu 2018 Wajapani wenyewe wameingia katika jaribio jipya, WLTC, linalotenganisha mjini, vitongojini na barabara kuu, na kufikia mwendo wa 97. Magari yaliyopimwa hivyo yanazidi kuingia nchini. Namba hizo tatu mnazo. Zionyesheni zote tatu.

Na wewe mwenye gari, pima kwenda na kurudi, na kando ya kila namba andika mwendo wa kweli uliotumia. Aqua ikikupa 19 kutoka Mombasa hadi Nairobi, gari limejaa watu na mwendo ni 100 ya kweli, hiyo ni nzima. Usiipeleke kwa fundi.